Kujua Njia Ukiwa Peke Yako Berlin: Mwongozo Kamili wa Siku Kumi za Kwanza

Mtu aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa amezoea kuelekezwa kwa mdomo. Ukipanda daladala Mwenge kwenda Tandika, konda hutangaza kila kituo, abiria wa jirani hukukumbusha pa kushukia, na ukifika mtaani humuulizi mtu nambari ya nyumba, bali humuuliza duka la Mangi liko wapi, kisha hesabu ya milango huanzia hapo. Berlin ni mji wa zaidi ya watu milioni 3.6 uliotandazwa kwenye kilomita za mraba 891, na ndani yake hakuna konda. Kila jambo ambalo kwetu husemwa, huko limeandikwa mahali fulani: kwenye paji la treni, kwenye kona ya barabara, kwenye ukuta wa kituo, kando ya kengele ya mlango. Mgeni anayengoja kuambiwa hupotea, na mgeni anayejua pa kusoma huzoea upesi kuliko alivyotarajia.

Mwongozo huu nimemwandikia mwanafunzi au mfanyakazi anayefika Berlin peke yake, bila ndugu wa kumpokea uwanja wa ndege. Nimeupanga kwa hatua kufuata siku zinavyokwenda, na ninaomba ziwe zinafuatwa kwa mpangilio huo, kwa sababu watu wengi huanza na kwenda mbali kabla hawajajua kurudi nyumbani.

Hatua ya kwanza: Iandike anwani yako yote kabla hujaondoka kwenu

Usiridhike na jina la barabara na nambari. Berlin ya leo ilizaliwa tarehe 1 Oktoba 1920, pale miji saba midogo na vijiji kadhaa vilivyoizunguka ilipounganishwa kuwa mji mmoja, na kila mji na kijiji kilikuja na majina yake ya barabara. Ndiyo maana jina moja huonekana mara kadhaa. Barabara iitwayo Berliner Straße ipo Wilmersdorf, ipo Pankow, ipo Tegel na kwingineko, na kutoka moja hadi nyingine ni safari ya treni. Kinachozitenganisha ni msimbo wa posta wenye tarakimu tano pamoja na jina la eneo. Kwa hiyo anwani kamili ina jina la barabara, nambari ya nyumba, msimbo wa posta, jina la eneo na jambo la tano ambalo wageni husahau: jina la ukoo lililobandikwa kwenye kengele ya mlango. Nyumba nyingi za ghorofa Berlin hazina nambari za vyumba. Ukiwa na nambari ya jengo tu utasimama mbele ya kengele ishirini zenye majina ishirini ya Kijerumani usijue ubonyeze ipi. Muulize mwenye nyumba au unayepanga naye chumba: jina gani limeandikwa kwenye kengele, ghorofa ya ngapi, na je, ni jengo la mbele linalotazama barabara au jengo la nyuma, yaani *Hinterhaus*, ambalo hufikiwa kwa kupita uani.

Andika haya yote kwa kalamu, kwa herufi kubwa, kwenye kadi ngumu, kisha iweke mfukoni na si ndani ya begi. Pakua ramani ya Berlin kwenye simu ili ifunguke bila intaneti. Beba pawabanki, hasa ukifika kati ya Novemba na Machi, kwa kuwa baridi huimaliza betri ya simu kwa kasi ambayo mtu wa Tanga hajawahi kuiona.

Kama tiketi ya ndege inakuruhusu kuchagua, fika asubuhi au mchana wa siku ya kazi. Katikati ya Desemba jua la Berlin huzama kabla ya saa kumi jioni, na barabara uliyoiona kwenye picha za mchana haitafanana na hiyo utakayoikuta. Epuka pia kufika Jumamosi usiku, kwa sababu Jumapili maduka ya vyakula hufungwa karibu yote, isipokuwa machache ndani ya stesheni kubwa kama Hauptbahnhof na Ostbahnhof. Kama haiepukiki, beba chakula cha siku moja.

Hatua ya pili: Kutoka uwanja wa ndege hadi mlangoni

Uwanja wa ndege wa Berlin, unaojulikana kwa herufi BER, ulifunguliwa Oktoba 2020, na kituo chake cha treni kiko chini ya jengo lenyewe. Huhitaji teksi. Jambo la kujua kwanza ni kanda. Usafiri wa Berlin umegawanywa katika kanda tatu: A ni katikati ya mji, B ni sehemu iliyobaki hadi mpaka wa mji, na C ni pembezoni nje ya mpaka huo. Uwanja wa ndege uko kanda C, kwa hiyo tiketi ya kuingia mjini ni lazima iwe ya ABC. Mgeni anayenunua tiketi ya AB kwa kuwa ameona ni ya bei nafuu anasafiri isivyo halali bila kujua.

Ukinunua tiketi ya karatasi kwenye mashine, soma kama inahitaji kugongwa muhuri. Jukwaani pana kisanduku kidogo chenye tundu. Unaichomeka tiketi, unasikia mlio, nayo inatoka na saa na mahali vikiwa vimechapwa. Kwenye basi na tramu kisanduku hicho kimo ndani. Hakuna geti wala mlinzi wa kukuzuia kupanda bila tiketi, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Wakaguzi huweza kuvaa nguo za kiraia, huanza kazi milango ikishafungwa, na faini ni euro 60. Tiketi isiyogongwa muhuri huhesabiwa sawa na kutokuwa na tiketi, na kusema kwamba umefika leo asubuhi hakusaidii.

Treni ya S9 hutoka uwanjani ikapita Ostkreuz, Alexanderplatz na Hauptbahnhof hadi Spandau, na kwa wageni wengi inatosha kuwafikisha mjini. Milango ya treni nyingi haijifungui. Bonyeza kitufe kilichopo mlangoni. Kwenye basi bonyeza kitufe chenye neno STOP kabla ya kituo chako, kwa sababu hakuna wa kumwambia “shusha”.

Ukishafika kwenye barabara yenu, tazama kibao cha kona. Chini ya jina la barabara huandikwa nambari za nyumba zilizomo kati ya kona hiyo na inayofuata, na kibao hicho peke yake hukuambia kama uelekee kulia au kushoto. Mimi sikulijua hilo. Nilifika Oktoba, jioni, nikiwa na sanduku lenye gurudumu moja lililovunjika, nikitafuta nyumba nambari 71. Upande wangu niliona 8, kisha 9, kisha 10, nikasema moyoni kwamba 71 iko mbali, nikaanza kutembea. Nilipofika mwisho wa barabara nambari ilikuwa 39. Nikavuka, nikakuta ng’ambo ni 40, nikarudi nikiburuta lile sanduku, 41, 42, 43, hadi nikaifikia 71, ikiwa inatazamana na ile nambari 8 nilipoanzia. Barabara nyingi za zamani za Berlin zimehesabiwa kama kwato ya farasi: nambari hupanda upande mmoja hadi mwisho, hugeuka, kisha hurudi kwa upande wa pili. Barabara nyingine zina witiri upande mmoja na shufwa upande wa pili. Kwa hiyo ukifika, kabla hujatembea hatua kumi, tazama nambari za pande zote mbili.

Ndani ya jengo, taa ya ngazi huwashwa kwa kitufe chenye mwanga mdogo ukutani, nayo hujizima yenyewe baada ya dakika chache. Ikikuzimikia katikati ya ghorofa usihofu. Tafuta ule mwanga mdogo kwenye ghorofa iliyo karibu ubonyeze tena.

Hatua ya tatu: Siku ya kwanza na ya pili, jifunze kurudi

Usiende kuona mnara wala makumbusho. Siku mbili hizi ni za nyumbani. Toka mlangoni, simama, geuka ulitazame jengo unaloishi kama mtu atakayelitafuta usiku: rangi ya mlango, duka lililo chini, mti, kituo cha basi. Kisha zunguka kitalu kimoja tu, ukigeuka kulia kila kona, mpaka urudi mlangoni. Rudia ukigeuka kushoto. Mzunguko wa tatu, panua kwa vitalu viwili. Kila unapokata kona, geuka nyuma utazame ulikotoka, kwa sababu barabara ya kwendea na ya kurudia ni ile ile lakini macho huiona kama mbili. Wanaopotea siku za mwanzo, wengi hawapotei wakati wa kwenda.

Kisha nenda hadi kituo cha treni kilicho karibu. Alama zake utazizoea haraka: U nyeupe kwenye bluu ni treni ya chini ya ardhi, S nyeupe kwenye kijani ni treni ya mjini inayopita zaidi juu, na H kwenye duara la njano na kijani ni kituo cha basi au tramu. Ndani ya kituo pana ramani kubwa ya mtaa unaokizunguka. Itafute nyumba yako hapo kwa kidole, uone ni mlango gani wa kutokea unaoelekea kwenu, uandike jina la barabara lililo juu ya mlango huo. Kituo kimoja kinaweza kuwa na milango minne au zaidi, na ukitokea usio wako utajikuta ng’ambo ya makutano makubwa, huku simu ikizungusha mshale bila kujua umetazama wapi. Nathubutu kusema kwamba nusu ya kupotea kwangu mwezi wa kwanza kulitokana na kutokea mlango usio wangu.

Jioni ya siku ya pili rudia njia hiyo ya nyumbani na kituoni giza likiwa limeingia. Ukiwa njiani, tambua maduka manne: duka la vyakula, duka la dawa lenye herufi kubwa nyekundu ya A, mashine ya kutolea fedha, na kile kiduka kidogo kinachofungwa usiku sana ambacho wenyeji hukiita *Späti*. Hicho cha mwisho kitakufaa kuliko unavyodhani, kwa kuwa saa tano usiku, mtaa ukiwa kimya, mwenye Späti yuko macho na anajua kila kona. Msalimie kila unapopita.

Jihadhari na kitu kimoja unapotembea: sehemu ya njia ya miguu, mara nyingi ya rangi nyekundu au ya matofali tofauti, ni ya baiskeli. Waendesha baiskeli huenda kwa kasi na hawatarajii kukuta mtu amesimama hapo akisoma ramani.

Hatua ya nne: Kuanzia siku ya tatu, isome treni

Ramani ya treni za Berlin ikitazamwa mara ya kwanza hutisha, lakini kiini chake ni rahisi. Katikati kuna duara, linaloitwa Ring, lenye urefu wa kilomita 37 na vituo 27, na treni hulizunguka kwa muda wa saa nzima. S41 hulizunguka kwa kufuata mwendo wa akrabu ya saa, na S42 kinyume chake. Duara hilo ndilo mpaka wa kanda A. Karibu njia nyingine zote hulikata au hulifikia, kwa hiyo popote ulipo ndani ya mji, ukiweza kufika kwenye Ring unaweza kurudi kwenye kituo cha Ring kilicho karibu na kwenu. Likariri jina la kituo hicho kabla ya jina lingine lolote.

Jambo la pili ni kwamba treni huitwa kwa nambari ya njia pamoja na jina la kituo cha mwisho. Hakuna ubao unaosema “kwenda mjini”. Njia ya U6 ina mwisho wa kaskazini uitwao Alt-Tegel na mwisho wa kusini uitwao Alt-Mariendorf, na ukishuka ngazi hadi jukwaani utakuta majina hayo na si jina la kituo unachokwenda. U7 huenda kati ya Rathaus Spandau na Rudow, U8 kati ya Wittenau na Hermannstraße. Kwa njia unayoitumia kila siku, jifunze majina mawili ya mwisho, ujue lipi ni la kwenda na lipi ni la kurudi. Yaandike nyuma ya ile kadi ya anwani: “Kurudi nyumbani: U8, Hermannstraße.” Maneno manne kama hayo yamenisaidia simu ikiwa imezima, kuliko programu yoyote ya ramani.

Ukipanda treni inayokwenda upande usio wako, au ukipitiwa na kituo, usikurupuke kushuka mlango ukiwa unafungwa. Ngoja kituo kinachofuata, shuka, tafuta jukwaa la upande wa pili, soma jina la mwisho, panda urudi. Imekugharimu dakika tano au kumi tu. Fahamu lakini kwamba tiketi ya safari moja ya kanda AB hudumu saa mbili na ni ya kwenda mbele tu, hairuhusu kurudi ulikotoka, kwa hiyo siku za kujifunza ni bora ununue tiketi ya saa 24. Anayekaa muda mrefu atazame tiketi ya mwezi ya nchi nzima, *Deutschlandticket*, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na ambayo bei yake imekuwa ikipanda tangu hapo. Hiyo ni ya kujiandikisha, hujirudia kila mwezi na kukatwa kwenye akaunti yako hadi uisitishe mwenyewe, na ukitaka kuisitisha ni lazima ufanye hivyo kufikia tarehe 10 ya mwezi huo. Mwanafunzi aulize kwanza chuoni, maana vyuo vingi vina tiketi ya muhula.

Utakutana na herufi tatu, SEV. Maana yake ni kwamba njia imefungwa kwa matengenezo na abiria wanapelekwa kwa basi. Hutokea mara kwa mara, hasa mwisho wa juma. Ukiona wenzako wote wanashuka na kupanda ngazi, shuka nao, fuata vibao vyenye herufi hizo hadi kwenye basi, na usibaki ndani ukidhani treni itaendelea. Kuhusu usiku, treni za U husimama kwa saa chache katika usiku wa siku za kazi na mabasi yenye herufi N huchukua nafasi yake, ilhali usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi hupita hadi asubuhi.

Wageni wengi hushangaa pia kwamba tramu ziko zaidi sehemu moja ya mji kuliko nyingine. Mji ulipogawanyika, Berlin Magharibi iliziondoa tramu zake hadi ya mwisho mwaka 1967, na Mashariki ikabaki nazo. Ukiishi Prenzlauer Berg utapanda tramu kila siku. Ukiishi Neukölln au Charlottenburg utazoea basi.

Sasa zoezi lenyewe. Siku ya tatu au ya nne, asubuhi, panda S41 kwenye kituo chako cha Ring, kaa dirishani, zunguka duara zima hadi urudi ulipoanzia. Usitazame simu. Soma jina la kila kituo na uone linavyobadilika linalopita nje: viwanda, bustani, majengo marefu, makaburi, reli zinazokutana. Mchana wa siku hiyo hiyo panda basi nambari 100 kutoka Zoo hadi Alexanderplatz, ukae ghorofa ya juu. Kwa safari mbili zisizofika saa mbili kwa jumla utakuwa umeuona mji kwa duara na kwa mstari wa katikati, na majina yaliyokuwa herufi kwenye ramani yatakuwa na sura.

Hatua ya tano: Saa yao na saa yetu

Hili ni dogo lakini linamnyima mtu kazi. Vibao vyote hutumia saa 24: 14:30 ni saa nane na nusu mchana, 19:00 ni saa moja usiku. Mswahili anayetafsiri kichwani akiwa na haraka hukosea. Ushauri wangu ni kwamba usitafsiri kabisa; weka simu kwenye saa 24 na andika miadi yote kwa tarakimu. Kwa mdomo kuna mtego mwingine. Mjerumani akisema *halb acht*, neno kwa neno “nusu ya nane”, anakusudia 7:30, nusu ya kuelekea nane. Mwanafunzi mwenzangu alinialika chakula cha jioni kwa maneno hayo, nami nikafika 8:30 nikiwa na furaha, nikakuta chakula kimepoa na watu sita wamekaa wakinisubiri. Siku hizi nikitajiwa saa kwa mdomo naiandika kwenye karatasi na kumwonyesha aliyenitajia.

Hatua ya sita: Ofisi ya usajili na sanduku la barua

Sheria inakutaka usajili makazi yako ndani ya siku 14 baada ya kuhamia. Hufanywa katika ofisi ya wananchi, *Bürgeramt*, na kwa Berlin unaweza kwenda ofisi yoyote ya mji, si ya eneo lako tu. Hilo ni jambo jema, kwa sababu nafasi za miadi huwa chache, na ofisi ya ng’ambo ya mji inaweza kuwa na nafasi wiki hii. Weka miadi kwa mtandao mapema kadiri uwezavyo, hata kabla ya kusafiri, na uhifadhi uthibitisho wake. Utahitaji pasipoti, fomu ya usajili, na karatasi iliyotiwa saini na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Siku moja kabla ya miadi, nenda hadi mlangoni mwa ofisi hiyo kama mazoezi, uone mlango, uhesabu dakika. Aliyechelewa dakika kumi na tano anaweza kupoteza nafasi aliyoisubiri wiki tatu.

Siku unapohamia, andika jina lako kwenye sanduku la barua, hata kwa karatasi na gundi ikiwa hakuna kibao, ukishamwomba ruhusa mwenye nyumba. Mpeleka barua hutazama jina, na asipoliona huirudisha. Nambari ya kodi, kadi ya benki na barua ya bima ya afya huja kwa posta, na mtu anaweza kukaa miezi miwili akilaumu ofisi wakati barua zake zilifika hadi mlangoni zikarudi.

Hatua ya saba: Utakapopotea

Utapotea, kwa hiyo amua mapema utakavyofanya. Simama kwanza, kando ya ukuta au ndani ya duka. Tafuta kibao cha kona usome jina la barabara na nambari. Kama mbingu ni wazi, inua macho: mnara wa televisheni wa Alexanderplatz, wenye urefu wa mita 368 na tufe katikati ya mlingoti wake, huonekana kutoka sehemu nyingi za mji, na ulipo mnara ndipo katikati. Jua nalo litakusaidia ukilisoma upya. Kwetu, jua la adhuhuri huwa utosini, miezi mingine likaegemea kaskazini na mingine kusini. Berlin hakuna mwezi ambao jua la adhuhuri haliko kusini, na wakati wa baridi hukaa chini kiasi kwamba kivuli chako hugeuka dira inayoelekea kaskazini.

Ukiuliza, muulize mtu aliyetulia mahali pake: muuza duka, mwenye Späti, dereva wa basi lililosimama, mzee anayesubiri tramu. Anza na *Entschuldigung*, yaani samahani, kisha onyesha kadi yenye anwani badala ya kuitamka. Kwetu adabu ni kusalimia kirefu, kuulizana hali, halafu swali. Huko swali fupi lenye samahani mbele yake ndilo adabu. Jibu fupi lisikuumize, kwa kuwa aliyekujibu kwa maneno matatu na kidole amekusaidia kwa moyo wake wote. Wengi, hasa vijana, wanajua Kiingereza.

Nasema pia kwa uwazi kwamba Mwafrika anayetembea peke yake anaweza kukutana na maneno ya chuki. Si kila siku, na kuna waliokaa miaka bila kuyasikia, lakini yapo. Yakikutokea kwenye treni, usijibizane. Hamia behewa lenye watu wengi, kaa karibu na wanawake au familia, shuka kwenye kituo kikubwa. Polisi ni 110, zimamoto na gari la wagonjwa ni 112, na daktari kwa shida isiyo ya dharura, ofisi za madaktari zikiwa zimefungwa, ni 116117. Ziandike kwenye kadi. Kisha siku hiyo hiyo mpigie mtu wa kwenu umweleze, kwa lugha yako, kwa sababu jambo kama hilo likibaki kifuani humfanya mtu aogope kutoka, na asiyetoka hawezi kuujua mji.

Hatua ya nane: Siku ya kumi, safari bila simu

Funga hatua hizi kwa safari moja, simu ikiwa imezimwa mfukoni kwa dharura tu. Panda U6 kuelekea kaskazini, ukisoma Alt-Tegel kwenye paji la treni, ushuke kituo kinachoitwa Afrikanische Straße, katika eneo la Wedding. Kabla ya kutoka, tafuta kwenye ramani ya ukutani barabara tatu: Sansibarstraße, Tangastraße na Usambarastraße. Ndiyo, ni Zanzibar, Tanga na Usambara zile zile. Majina haya ni masalia ya enzi ambapo Ujerumani ilijiona ina haki juu ya nchi zetu. Chora mchoro mdogo kwenye daftari, kisha toka uzitafute kwa vibao vya kona na nambari za nyumba tu.

Ukiwa hapo tafuta na ya nne, Maji-Maji-Allee. Ukiwa na ramani ya zamani hutaiona, kwa kuwa hadi Agosti 2024 iliitwa Petersallee, jina linalohusishwa na Carl Peters, yule aliyezunguka bara letu akiwalaghai watemi kutia alama kwenye mikataba wasiyoielewa. Sehemu moja ya barabara hiyo sasa ina jina la vita vya 1905 hadi 1907, na sehemu ya pili inaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mwanamke wa Namibia. Mara ya kwanza nilipofika hapo nilisimama chini ya kibao nikalisoma lile jina kwa sauti, na mama mmoja aliyekuwa akipita na mbwa wake akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana. Kisha nikarudi kituoni, nikasoma Alt-Mariendorf, nikapanda.